Mwanangu, muulize aliyeanza kuisimulia laana

Tanga, Jumapili baada ya alasiri

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, na zile kurasa arobaini za mwanzo wa riwaya nimezisoma zote, nyingine mara mbili. Sisi hatujambo. Goti la baba yako limetulia, vuli imeanza, na mwembe wa uani umezaa kuliko mwaka jana.

Nikujibu swali lako, maana najua ndilo linalokunyima usingizi. Unaandika habari za mwandishi wa kike wa New York, mwaka 1910, aliyetumwa na gazeti lake kuichunguza almasi ya Hope, ile ya buluu inayosemwa ina laana ya kuwaletea balaa wote walioimiliki, uliyokwenda kuitazama kwenye makumbusho ya Smithsonian huko Washington, ukanisimulia kuwa ulisimama mbele ya kioo mpaka mlinzi akakuuliza kama umempoteza mtu. Ukaniuliza hivi: "Mama, wewe uliyefanya kazi ya habari miaka yote ile, niambie. Mwishoni mwandishi wangu aikute laana ya almasi ni ya kweli, au aikute ni uongo? Na nikiiondoa, nani atasoma riwaya ya kito kisicho na laana?"

Aikute ni uongo, mwanangu, na wasomaji utawapata. Ila usimwache aishie hapo. Kusema "laana haipo" si uchunguzi, hilo hata mtu wa kijiweni analisema akimaliza kahawa yake. Mwandishi wako kazi yake ni kumtafuta aliyeanza kuisema, alikuwa anauza nini siku aliyoisema, na alikuwa anamwambia nani.

Katika sura ya kwanza umemwanzishia dukani kwa Pierre Cartier, muuza vito aliyekuwa na almasi hiyo, Fifth Avenue, na taa, mahameli, na yule sonara anayefungua kisanduku polepole. Umeiandika vizuri. Lakini hapo ndipo Cartier mwenyewe angependa mwandishi aanzie, na mwandishi mzuri haanzii pale anapokaribishwa kiti. Mtoe dukani, mpeleke maktaba.

Huko atakuta kitabu cha safari cha Jean-Baptiste Tavernier, mfanyabiashara Mfaransa aliyeinunua almasi hiyo India. Kitabu kilichapwa Ufaransa mwaka 1676, na tafsiri mpya ya Kiingereza ilitoka mwaka 1889, kwa hiyo mwanamke wa New York wa 1910 aliweza kabisa kukishika mkononi. Magazeti ya wakati wake yalikuwa yanasema Tavernier aliing'oa almasi kwenye jicho la sanamu hekaluni, na kwamba alikufa ameraruliwa na mbwa. Mwache afungue kitabu aitafute hiyo sanamu. Atakuta mchoro wa jiwe lenyewe, uzito wa karati 112 na kidogo kwa kipimo cha zamani cha vito, na maelezo kwamba rangi yake ni ya zambarau nzuri. Hekalu halimo, jicho halimo. Aliloliuza Tavernier kwa mfalme Louis wa 14, mwaka 1668, lilikuwa jiwe moja kati ya almasi zaidi ya elfu moja alizomuuzia kwa pamoja. Akapewa cheo cha ukabaila, akanunua milki huko Aubonne, Uswisi, na akafia Moscow mwaka 1689, mzee wa zaidi ya miaka 80 aliyekuwa bado safarini. Kama hiyo ni laana, wengi wangeiomba.

Akitoka hapo aendelee na wafalme, lakini usikae nao sana, watakumeza. Mwaka 1673 Louis aliagiza jiwe likatwe upya, likabaki karati 67. Mwaka 1749 mjukuu wa mwanawe, Louis wa 15, akalitia kwenye nishani yake ya heshima iitwayo Ngozi ya Dhahabu. Sasa angalia: nishani ile ilikuwa ya mfalme, mwanamume, si pambo la malkia. Hata hivyo orodha zote za "waliolaaniwa" zinamtaja Marie Antoinette, kana kwamba alikatwa kichwa kwa sababu ya mkufu, si kwa sababu watu wa Paris hawakuwa na mkate. Septemba 1792, mapinduzi yakiwa yamepamba moto, wezi waliingia kwenye ghala la vito vya taji na almasi ikatoweka. Mwaka 1812 inaandikwa London kwamba mfanyabiashara mmoja, Daniel Eliason, anayo almasi ya buluu, ndogo kuliko ile. Ilikuwa imepita miaka 20 na siku chache tu tangu wizi, na kwa sheria ya Ufaransa miaka 20 ikipita kesi imekufa. Mtu aliyeificha alijua kuhesabu siku.

Hapa nikuonye kidogo, kwa sababu riwaya ya kihistoria huvuja kwenye matundu madogo. Mwandishi wako wa 1910 anaweza kushuku tu kwamba almasi ya Hope ndiyo ile ya Ufaransa iliyokatwa tena. Uthibitisho ulikuja mwaka 2005 kwa kompyuta, na kilichokata mzizi wa fitina ni nakala ya jiwe la zamani iliyotengenezwa kwa madini ya risasi, iliyopatikana miaka michache baadaye kwenye makumbusho ya Paris. Vilevile, ukurasa wa 17 umeandika uzito ni karati 45.52. Hicho ni kipimo cha leo. Marekani ilianza kutumia karati ya metriki mwaka 1913, na hati ya 1812 inasema gireni 177, yaani karati 44 na robo. Na ule mng'ao mwekundu kama kaa la moto ambao almasi hii huutoa gizani ikishamulikwa kwa taa maalumu, uondoe. Najua unaupenda. Lakini hata kwamba buluu yake inatokana na boroni, watu wa 1910 hawakuwa wanajua. Ukimpa macho ya zama zako, atakuwa wewe uliyevaa gauni la zamani.

Turudi kwenye familia ya Hope, maana hapa ndipo pananoga. Henry Philip Hope, tajiri wa London, ndiye ambaye jiwe lilipata jina lake. Likarithiwa mpaka likamfikia Lord Francis Hope, naye alikuwa na madeni mpaka puani. Mwaka 1894 alimwoa mwigizaji wa Marekani, May Yohe, wakaachana mwaka 1902. Kwa wapenda laana, hiyo ni nuksi ya jiwe. Lakini mwandishi wako akiomba kumbukumbu za mahakama London atakuta kitu kingine: jiwe lilikuwa mali ya urithi, Lord Francis hakuwa na haki ya kuliuza bila idhini, akaomba mara ya kwanza akakataliwa, akahangaika miaka, akaruhusiwa mwaka 1901. Almasi haikumfilisi. Alifilisika kwanza, ndipo almasi ikauzwa. Mpangilio wa tarehe tu unatosha kuibomoa hekaya, na hiyo ndiyo raha ya kazi hii, mwanangu. Huhitaji kugombana na mtu. Unapanga tarehe mezani kama karata, unazitazama.

Kisha mpe ile habari ya meli, naona hukuitumia. Novemba 1909 magazeti yaliandika kwamba mwenye almasi, Selim Habib, amezama na meli karibu na Singapore, na almasi imekwenda naye chini. Fikiria vichwa vya habari siku ile. Lakini Juni ya mwaka huo huo, miezi mitano kabla, almasi ilikuwa imeshapigwa mnada Paris, mchana kweupe. Watu wazima, wenye simu na telegrafu, waliizamisha baharini almasi iliyokuwa kabatini kwa sonara. Mwandishi wako anafanya kazi kwenye mtaa wa magazeti, Park Row. Aliyeiandika habari hiyo huenda anakaa meza ya pili kutoka kwake. Amuulize. Hiyo peke yake ni sura nzima.

Halafu mfikishe kwenye karatasi moja. Januari 1908 gazeti la Washington Post lilichapa makala ya kwamba almasi ya Hope imewaletea balaa wote walioimiliki. Miaka mitatu baadaye, Januari 1911, Cartier akaiuza almasi hiyo kwa dola 180,000. Aliyeinunua ni nani? Evalyn Walsh McLean, binti wa mchimbaji aliyepata dhahabu Colorado, na mumewe, Ned McLean. Na Washington Post lilikuwa la nani? La baba yake Ned. Laana ilipita kwenye mtambo wa familia kabla jiwe halijapita kwenye shingo ya mkwe. Sisemi walipanga. Maisha huwa hivyo, mambo yanakutana bila kupangwa. Ila mwandishi aliyekaa maktabani akaliona hilo jina la mwenye gazeti hawezi kuamka kitini haraka.

Cartier alijua anachokifanya. Alimwonyesha Evalyn jiwe Paris mwaka 1910, akamsimulia balaa zote, moja baada ya nyingine, kwa kuwa bibi yule alisema wazi kwamba vitu vyenye mkosi kwake vinageuka bahati. Bibi hakupenda lilivyofungwa. Cartier akalifunga upya, akalivusha bahari, akamwachia nyumbani mwisho wa juma mzima alitazame. Baadaye kwenye mkataba wakaandika sharti, na hili halikutungwa: kikitokea kifo katika familia ndani ya miezi sita, almasi itabadilishwa kwa vito vya thamani sawa. Laana imepigwa mhuri na wanasheria. Kwa sharti lile, hekaya ikawa sehemu ya bidhaa, kama mkufu na kisanduku.

Usidhani hayo ni ya Paris peke yake. Jiwe letu la Mererani, wataalamu walikuwa na jina lao la kisayansi, zoisaiti ya buluu. Tiffany, wauza vito wa New York, ndio waliolipa jina la tanzanaiti mwaka 1968, kwa sababu walijua mteja hanunui jiwe tu, ananunua na maneno yake. Na babu yako alivaa pete ya akiki mpaka anaingia kaburini, akiamini ina baraka, na mimi sikumcheka wala simcheki. Mtu kuwa na imani na pete yake ni kitu kimoja. Mtu kumuuzia mwenzake hofu ni kingine.

Sasa kuna jambo ambalo sijawahi kukusimulia lote, na sababu ya barua hii kuwa ndefu ni hilo.

Mwaka 1987 nilikuwa kijana kazini, makao yangu Mwanza. Nikatumwa kijiji kimoja mkoani Shinyanga ambako ukuta wa shimo la wachimbaji wadogo wa almasi ulikuwa umeporomoka na kuwafukia vijana wawili. Nilifika na vumbi hadi kwenye kope, na gari la kurudi lilikuwa linaondoka saa tisa. Niliongea na watu wanne. Wawili waliniambia shimo lilichimbwa wima kama kisima, kimo cha watu watatu au zaidi, bila kuachiwa ngazi za udongo pembeni, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na asubuhi mwenye shimo akawaambia washuke. Wawili wengine waliniambia mmoja wa marehemu aliokota jiwe la rangi wiki ile, akalificha nyumbani, na jiwe lile lina mkosi. Mwenye shimo alikuwa pale pale, mikono nyuma, anatikisa kichwa kwa huzuni. "Ndiyo hivyo, dada," akaniambia. "Jiwe."

Unajua nilichoandika. Nilitaja mvua kwa mstari mmoja. Jiwe nikalipa aya sita. Mhariri akaweka kichwa cha habari: "Jiwe la mkosi laua wawili." Nilikipenda kile kichwa. Nilikikata nikakibandika kwenye daftari langu.

Wiki tatu baadaye akaja mwanamke ofisini. Pengine hakunizidi hata miaka miwili. Alifungua pindo la khanga, nikadhani anatoa nauli, kumbe ni kile kipande cha gazeti, kimekunjwa na kukunjuliwa mpaka wino umetoka kwenye mikunjo. Kusoma hakujua, alisomewa. Hakupaza sauti. Aliniuliza, "Dada, hilo jiwe uliliona?"

Nikamwambia sikuliona.

"Mimi nimelala naye nyumba moja sikuliona. Shemeji zangu wamenitoa, wanasema nilikaa na mkosi ndani nikamuua ndugu yao. Nikawauliza nani kawaambia, wakanionyesha hii. Wewe uliliona wapi?"

Ulizaliwa baadaye, lakini umesikia habari za Shinyanga ya miaka ile, jinsi neno moja juu ya mwanamke lilivyoweza kumfikisha kwenye panga. Nilimpa maji. Nilimpa pesa nilizokuwa nazo. Nikamwendea mhariri nikamwomba anirudishe kule nikaandike habari ya shimo: nani alilichimba, nani aliwashusha wale vijana kwenye udongo uliolowa. Akasema habari ile imeshapita. Nami nikanyamaza. Nilikuwa na nafasi ya kugombana, sikugombana. Yule mama akaondoka na kipande chake cha gazeti, akakirudisha kwenye pindo la khanga, akalifunga fundo. Sikumwona tena. Daftari lile ninalo, liko juu ya kabati, na ukurasa ule niliubandua.

Watu husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tangu siku ile methali hiyo sijaitamka tena.

Kwa hiyo nilipoifungua riwaya yako sikuisoma kama hadithi ya kito. Nilikuwa ninamtafuta mwenye shimo. Na kila palipo na laana katika hekaya ya Hope, mwanangu, ukifukua kidogo unamkuta amesimama pale, mikono nyuma. Bwana aliyekula urithi kwa madeni: jiwe. Mfalme aliyewaacha watu na njaa: jiwe. Laana humpendeza sana mtu mwenye hatia, na humpendeza zaidi akipata gazeti la kumwandikia.

Ndiyo maana nina neno juu ya mfano uliomchagulia mwandishi wako. Anamwabudu Nellie Bly, na ana haki. Mwanamke aliyejitia wazimu mwaka 1887 akakaa siku kumi ndani ya hospitali ya vichaa ya Blackwell's Island, akatoka na kuandika alichokiona kwenye gazeti la World, huyo ni mwalimu wa wote. Mpe pia Ida Tarbell, aliyekaa na makaratasi ya mahakama na ya bunge mpaka kampuni ya mafuta ya Standard Oil ikaanikwa. Lakini anayehitaji kusomwa na mwandishi wako usiku, mlango umefungwa, ni Ida B. Wells. Mwaka 1892 rafiki zake watatu, Wamarekani weusi wa Memphis, wenye duka la vyakula lililokuwa linamnyang'anya wateja Mzungu jirani, waliuawa na kundi la watu. Ida akaanza kuchunguza mauaji ya namna hiyo moja moja, tarehe, majina, sababu iliyotangazwa na sababu iliyokuwepo. Akagundua kwamba kisa kilichokuwa kinasimuliwa kila mara, cha mwanamume mweusi na mwanamke mweupe, mara nyingi kilifunika jambo jingine kabisa: duka, shamba, kura. Ofisi ya gazeti lake ikavunjwavunjwa, naye hakuweza kurudi Memphis. Mwaka 1910 alikuwa hai, anaishi Chicago, anaandika. Mwandishi wako angeweza kumpelekea barua. Mbinu ya Ida ndiyo anayoihitaji: chukua kisa ambacho kila mtu anakijua, ukiulize kinamfaa nani.

Na kuna faida nyingine unaiacha. Wanawake wengi magazetini enzi zile walipewa ukurasa wa mitindo, mapishi na karamu. Wewe umeliandika hilo kama pingu tu. Ni pingu kweli, nami nimezivaa zangu. Miaka yangu miwili ya kwanza niliandika mapishi na harusi. Lakini ukurasa wa mitindo ndio unaomwingiza mwanamke kwenye nyumba ya McLean kupitia mlango wa nyuma. Ataongea na anayepiga pasi. Ataongea na anayefunga vifungo vya gauni la bibi. Ule mwisho wa juma ambao almasi ilikaa nyumbani kwa Evalyn, tunajua alivyosimulia mwenyewe kwenye kumbukumbu zake za 1936. Waliofuta vumbi chumba kile hakuna aliyewauliza. Hapo ndipo una ruhusa ya kubuni, tena buni kwa mikono miwili. Palipo na hati, iheshimu hati. Pale ambapo watu walikuwepo na hakuna aliyewaandika, hapo ni shamba lako.

La mwisho ni gumu kidogo. Kwenye muhtasari umesema sura ya kufungia itaruka hadi 1919, kifo cha Vinson, mtoto wa Evalyn, ili msomaji abaki na shaka kwamba pengine laana ilikuwepo. Nakuomba uitoe. Yule mtoto alikuwa na miaka tisa. Magazeti yalimwita mtoto wa dola milioni mia tangu yuko mchanga, na kwa jina hilo wazazi wakaishi kwa hofu ya watekaji, wakamzungushia walinzi maisha yake yote. Siku moja Mei, wazazi wako Louisville kwenye mbio za farasi, akawaponyoka, akatoka barabarani mbele ya nyumba yao, gari likamgonga. Ni mtoto aliyetaka kucheza njiani kama watoto wengine. Waandishi waliompa jina lile ndio hao hao walioandika kwamba almasi imemuua. Usijiunge nao, hata kwa shaka, hata kwa ajili ya mwisho mtamu. Mama yake aliendelea kuivaa almasi hadi alipokufa mwaka 1947, na mimi nadhani namwelewa.

Ukitaka mahali pa kufungia, nina pendekezo. Machi 1911 Cartier aliwashtaki akina McLean kwa kutolipa, na lile sharti la miezi sita likaanikwa magazetini, mji mzima unacheka na kutetemeka. Mwandishi wako kwa wakati huo amemaliza makala yake: Tavernier, mahakama ya London, mnada wa Paris, Washington Post, yote. Imepangwa kutoka Jumapili. Jumamosi, tarehe 25 Machi, saa kumi na dakika arobaini jioni, moto unawaka kwenye kiwanda cha mashati cha Triangle, karibu na Washington Square, ghorofa ya nane, tisa na kumi. Mlango mmoja umefungwa kwa ufunguo. Wanakufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, waliofanya mgomo mkubwa mwaka mmoja tu kabla wakidai hali bora kazini. Wenye kiwanda walishtakiwa, na Desemba mwaka ule wakaachiwa huru.

Kutoka Park Row mpaka pale ni mwendo wa miguu. Mweke mwandishi wako mezani na karatasi zake za mwisho anazisahihisha kabla hazijaenda kwa wapanga chapa, dirisha liko wazi, kengele za magari ya zimamoto zinapita. Anachukua kofia, anashuka ngazi. Ile makala ya almasi inabaki juu ya meza. Kama ilitoka Jumapili au haikutoka, na kama mhariri alimwambia habari imeshapita, uamue wewe.

Nitumie sura ya pili ukishamtoa mwandishi wako dukani kwa Cartier. Kurasa zako nimezisahihisha kwa kalamu nyekundu, jirani yetu anasafiri kuja huko mwezi ujao, nitampa akuletee pamoja na achari ya embe na ile khanga uliyoisahau. Baba yako anakusalimia, anauliza kama theluji imeshaanza.

Mama yako